Bizimu la Milimita Kumi na Sita

Saa ya baba bado inatembea.
Mgongoni imechorwa mwaka, hamsini na sita.
Kioo kimefifia kama jicho la samaki wa jana,
lakini ukiitia ufunguo alfajiri
inakufikisha alfajiri nyingine bila kulalama.
Ilichokosa ni bizimu.

Basi nikaingia Ngamiani kama mtu anayeposa:
Barabara ya Sita, ya Nane, ya Kumi na Mbili.
"Dada, chukua hili, linang'aa."
Silitaki linalong'aa.
"Hili je, la kipepeo, linajifunga lenyewe?"
Mwaka hamsini na sita vipepeo walikaa kwenye maua.
Nataka chuma kilichopakwa nikeli, pembe zake butu,
ulimi mwembamba uliopinda kidogo kwa ndani
kama wa mtu aliyemeza neno,
na kwa chini muhuri wa kiwanda
usiosomeka mpaka uupulizie pumzi.
"Sasa chini huko nani ataona?"
Mimi.

Fundi Semboja wa kibanda cha kioo, Mgandini,
hakunicheka, maana ugonjwa huu anao pia.
Akamwaga mkebe wa biskuti juu ya gazeti:
mishale isiyo na nyuso, nyuso zisizo na mishale,
na mabizimu arobaini na moja. Tuliyahesabu.
Moja la miaka ya sabini, mabega mapana
kama makoti ya wakati ule.
Moja zuri, zuri kabisa, la milimita kumi na nane.
Nililigeuza mara nyingi, nikidhani litapungua.
"Lako halimo," akasema. Jino lake la fedha likametameta.
"Ila kamwone Tausi, Makorora, mjane wa fundi viatu.
Marehemu hakutupa chuma."

Nilienda mara tatu.
Ya kwanza alikuwa msibani.
Ya pili alitaka nieleze mimi mtoto wa nani,
na nilipomaliza kueleza jua lilikwishazama.
Ya tatu akaleta ndara ya mtoto,
ya mwanawe ambaye leo ana wajukuu,
na pale kisiginoni, limeng'ang'ania ukanda uliokauka:
nikeli, pembe butu, ulimi uliopinda.
Nikapuliza. Muhuri ukatoka.
Shilingi elfu kumi na tano, na kilo mbili za sukari.

Usiku nikaitoa picha ili nihakikishe.
Baba, karani wa saa shamba la mkonge, Pongwe,
yule aliyegonga kipande cha reli
watu wakaingia kukata, akagonga tena wakatoka.
Koti la kuazima. Mkono kifuani,
ili saa ionekane kwanza, uso baadaye.
Nikashika lenzi ya Semboja.

Hapakuwa na bizimu.
Kamba.
Kamba ya mkonge, nyuzi tatu zimesokotwa,
fundo juu ya kifundo cha mkono.

Nilicheka, halafu nikanyamaza.
Labda mshahara ulitosha saa, haukutosha ukanda.
Labda ukanda ulioza kwa jasho.
Labda alipenda tu. Wa kumuuliza hayupo;
ulimi hauna mfupa,
ndiyo maana kaburini hausalii.

Semboja aliitazama picha muda mrefu,
akaisogeza kwenye mwanga, akairudisha.
"Mkonge bado upo," akasema, "lakini utawashwa."

Nawashwa. Wiki ya pili sasa.
Asubuhi nafunga fundo kwa mkono mmoja na meno,
na ngozi imeota mstari mwekundu
mahali ambapo yake, nakumbuka sasa,
ilikuwa na mstari mweusi
tuliodhani ni alama ya kuzaliwa.

Bizimu nililipeleka kwa Tausi, nimrudishie.
Akalikataa.
Sukari, anasema, imekwisha kunywewa.