Kitanda cha Mfumi

Usianze na lile ulilolisikia,
lililonong'onwa hotelini Guwahati
na wageni waliotoka mbali kuulizia mambo ya kitanda.
Kitanda kipo, naam,
ila ni kitanda cha mfumi.
Anza na mtande:
nyuzi zilizonyooshwa kutoka mti hadi mti,
zikatanda, zikakazwa,
kabla mshindio haujapita hata mara moja.
Tantra, katika lugha yao ya kale, ni hicho.

Padumi wa Sualkuchi alikuwa na kitanda cha babu wa mumewe,
kinacholia kama bata kwa kila kanyagio.
Alifuma muga, hariri ya dhahabu isiyohitaji rangi,
hadi mwaka ule mimba ya miezi saba ilipomtoka
usiku wa mafuriko,
na mashua ya zahanati haikuja.
Tangu hapo mkono wa kushoto ukawa baridi.
Daktari akaitazama picha ya mfupa kwenye taa:
"Mzima. Mkono huu hauna kitu."
Akarudi nyumbani na mkono usio na kitu,
na damu ya kila mwezi akiificha
kama mwizi afichavyo kisu.

Bhadreswari hakuwa na majivu usoni wala fuvu mkononi.
Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi,
meno mekundu ya tambuu,
na cherehani ya kukodisha.
"Umeuambia mwili uhame," alisema,
"nao, mpangaji mtiifu, umehama. Sasa tuuite.
Wako wanaomtafuta Mungu
kwa kuuvua mwili mlangoni kama viatu.
Sisi tunaingia na viatu, matope na yote."
Akachora pembetatu sakafuni kwa unga wa mchele,
ncha ikielekea chini.
"Huu ndio mlango uliouonea haya."
Kisha akavishika vidole vyake vitatu,
akavipeleka utosini, kooni, kifuani,
kila mahali silabi moja,
sauti isiyoweza kununua hata chumvi dukani.

*Vuta hewa polepole, shusha chini ya kitovu,*
*palipouma na pale palipokauka kavu;*
*usifukuze kelele za mwili wenye makovu,*
*keti nazo palepale mpaka ziwe nyamavu.*

Miezi minne aliketi. Hakuona nuru yoyote.
Aliona goti linalowasha,
akaona hasira ya zamani kwa mama mkwe,
na siku moja, bila taarifa, njaa.

Juni wakapanda Nilachal, kwenye umati.
Ndani ya pango lile hamna sanamu:
kuna jiwe lenye ufa, na maji yatokayo ufani.
Siku tatu milango ilifungwa.
Mama yumo hedhini, walisema watu,
na hakuna aliyeshusha sauti kulisema.
Wauza chai, makuhani, askari wa zamu,
mlima mzima ulikaa kwenye matope
ukingoja damu imalize shughuli yake.
Padumi akakumbuka ile ndoo,
na shuka alizofua kabla hakujapambazuka.
Akalia kwa sauti, bila kujifunika.
Mwanamke asiyemjua akamkatia nusu ya ndizi.

Sitakudanganya. Mtoto hakurudi.
Daktari naye hakuachwa:
Bhadreswari mwenyewe alimlipia nauli ya kivuko,
akimgombeza asisahau vidonge.
Na vidole viwili bado hupoa mvua ikinyesha.

Lakini alfajiri, kabla hajagusa uzi,
Padumi huweka vidole vitatu utosini,
kooni, kifuani,
kisha chini ya kitovu, na hapo hukawia.
Halafu bata analia.
Uzi ukikatika, haufichi tena kwa nyuma.
Huufunga fundo upande wa mbele,
penye macho ya wanunuzi,
na bei hapunguzi.