Akiba

Kwenye daftari la jeshi mimi ni askari wa akiba.
Kwenye daftari la ghala, hapa Nakuru, ni mkaguzi:
koti jeupe lililochoka vumbi, kalamu sikioni,
na bambo mkononi,
kile chuma chenye mfereji, ukidunga gunia
hukutemea kiganjani siri ya katikati.

Mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa ng'ambo,
bandari ya wenyewe, kofia ya samawati,
kizuizi namba sita. Huko pia nilidunga magunia,
si kwa bambo, kwa singe.
Tulitafuta risasi ndani ya mchele.
Risasi tulizipata mara moja.
Mchele tuliumwaga kila siku.

Kulikuwa na mama. Lugha yake sikuijua.
Hakulia. Alichutama katikati ya barabara
akaokota punje moja moja, akipuliza mchanga,
malori yakipiga honi, Koplo Wepukhulu akitazama saa,
nami nimesimama, mikono yote miwili imeshika bunduki.

Kazi ya huku ni rahisi. Ndivyo ninavyomwambia mke wangu.
Saa mbili naingia, saa kumi na moja natoka,
saa nne chai na mandazi ya Nyaboke.
Hakuna anayelala na viatu.
Mshahara ni wa kubanabana; ule wa kule
ulijenga nyumba ya mawe, Bahati, vyumba vitatu,
na kimoja silali:
dirisha lake linatazama barabara.

Jana Bi. Taprandich kaleta magunia arobaini kutoka Rongai,
trekta la kukodi, dereva anadai chake.
Nikadunga. Mashine ikasema kumi na sita nukta mbili.
Kiwango ni kumi na tatu na nusu.
"Rudisha ukaanike," nikasema,
na sauti iliyotoka ilikuwa ya kizuizini.

Akatazama wingu juu ya Menengai, jeusi tii.
Hakulia. Akachutama,
akaanza kuokota punje zilizovuja
kwenye tundu la bambo langu.

Nikaliweka chini. Nikachutama naye.
Makarani wakacheka, kisha wakaacha.
Tulijaza viganja vinne.
Nikampa turubai la ghala, siku tatu,
jambo ambalo kanuni haijui.

Akiba haiozi, husema watu.
Mimi nimeiona ikioza, tena inaanzia ndani,
gunia zima kwa nje, mshono haujalegea.

Barua ya jeshi iko juu ya kabati tangu Jumatatu.
Naipima kwa mkono: nyepesi.
Unyevu wake sijaujua.