Tairi Sebuleni

Miaka kumi na moja nimeshika usukani wa watu.
Tajiri hulala Shanty Town, mimi hulala Segera,
juu ya mkeka, chini ya tela,
sikio moja kwenye tanki la dizeli.
Hupiga simu asubuhi: "Gari halijambo?"
Sikumbuki siku aliyomuuliza dereva.

Basi nikanunua daftari.
Ukurasa wa kwanza niliandika FUSO,
nikapiga mstari chini yake mara mbili,
kisha wiki nzima sikuwa na la kuongeza.

Aikaruwa ndiye aliyechukua kalamu.
Anauza mitumba Kiborloni, anajua
kwamba bei ya belo si bei ya belo:
kuna ushuru, kuna kuli, kuna shati lisilo na mkono.
"Hiyo milioni arobaini," alisema, "ni mahari tu.
Bibi harusi atakula nini?"
Nikamtajia, kama mtoto aliyefumwa:
bima. Leseni ya njia. Kodi.
Matairi sita, na la saba la akiba.
Oili, filta, grisi, viatu vya breki.
Utingo, maana hata shetani
hafungi turubai peke yake.
Gari likilala bila mzigo, siku ngapi?
Nikasema tatu. Akaandika kumi.
Mwenye mzigo akikalia hela yako?
Nikasema wiki.
Akanitazama.
Akaandika miezi miwili.

Tangu hapo posho yangu haimjui mama ntilie.
Nabeba kiporo cha ndizi kwenye kopo la siagi.
Kila Jumanne hisa mbili za kikoba,
kila safari elfu kumi kwenye simu,
na namba ya siri anayo yeye.
Krismasi kaka zangu walichinja;
mimi nilichangia chumvi.

Mwaka wa tatu: milioni ishirini na tisa.
Dalali akapiga. Fuso, liko Majengo, mwenyewe anahama,
thelathini na nane, mwisho.
Benki wakasema kilichobaki ni kidogo,
lete karatasi ya ardhi.
Nikapanda Kibosho kwa mama.
Alikuwa anapogoa kahawa.
Sikumaliza sentensi.
"Baba yako amelala pale, kwenye migomba.
Gari lako likipinduka, watamhamishia wapi?"
Akaendelea kukata.

Nilikwenda kuliona hata hivyo.
La bluu, mgongoni limeandikwa USINIONEE HURUMA.
Nilikaa, nikapapasa gia,
na nisidanganye, kiti kile kilinukia kwangu.
Fundi Salehe akachomoa kijiti cha oili,
akakisogeza juani.
Rangi ya chai ya maziwa.
Hakusema neno. Alikifuta kwenye suruali,
akakirudisha taratibu,
kama anayemfunika mgonjwa.

Nilitembea kwa miguu mpaka Pasua.
Njiani kuna duka la matairi.
Sijui nini kilinipata.
Nilinunua moja, jipya, bado lina vinyweleo,
nikaliviringisha hadi mlangoni, watoto wa mtaa nyuma yangu.
Aikaruwa hakufoka.
Alifungua daftari, penye matairi saba
akakata saba, akaandika sita.

Salehe alicheka mpaka akakaa chini:
"Mpira nao huzeeka, kaka. Usikae nalo miaka."
Vizuri. Sasa nina saa inayohesabu ndani ya nyumba,
nyeusi, karibu na kabati la vyombo.

Kule Himo mizani hupima gari lililojaa.
La kwangu, lisilokuwepo, tunalipima Jumapili baada ya ibada,
daftari mezani, uji unapoa,
na bado linazidi uzito.
Tumefuta bima kubwa, tukairudisha.
Tumeongeza ukurasa: INJINI IKIFA.
Huo hatuugusi, hata mtoto akiugua,
alisema; kisha mtoto akaugua, tukaugusa,
na tangu Machi tunaujaza tena.

Elirehema huandikia kazi za shule juu ya tairi.
Mgeni akishangaa, humjibu bila kuinua macho:
"Ni gari la baba.
Linakuja kidogo kidogo."