Umekosea, Jaribu Tena

Siku ya tatu niko kwenye benchi la mapokezi,
kituo cha afya, Pasua, daftari magotini,
nahesabu vidole vinavyogusa kioo vikasita.
Programu ni yangu. Niliichora Arusha,
ghorofa ya nne, kahawa mkononi,
kila kitufe mahali pake kama vikombe kabatini.

Hapa vitufe vimegoma.
Kijana wa bodaboda anabonyeza ENDELEA kwa kiwiko,
kiganja kimechubuka chote.
Mama mwenye mtoto mgongoni anausaka mwaka wake,
anausukuma, anausukuma, unampita,
unateleza hadi kwa bibi yake.

Kisha akaingia Bibi Ndealilia wa Kiboriloni,
kikohozi wiki ya pili, kitenge cha kanisani.
Simu ikamdai tarehe ya kuzaliwa.
"Mwaka wa nzige," akasema, "kabla ya vuli."
Simu haijui nzige.
Muuguzi Nakijwa akambunia tarehe,
sifuri moja ikasahaulika,
na maandishi mekundu yakaruka:

UMEKOSEA.

"Nimemkosea nani?"
Hakuna aliyecheka.
Akaishika ile simu kwa mikono miwili:
"Basi nisamehe, mwanangu."

Neno lile niliandika mimi.
Saa tano usiku, sekunde mbili,
nikiwahi kulala.

Jioni nikampigia Mringi, mkuu wetu.
Nikamwambia tumejenga nyumba isiyojua hodi:
mgonjwa anafika, hatusemi karibu, hatusemi pole,
tunamdai kitambulisho kizingitini.
"Pole inakula nafasi. Kioo chenyewe kidogo."
"Tupunguze nembo."
Akanyamaza.
Nembo aliichora shemeji yake.

Usiku ule, nyumba ya wageni, umeme ukija ukienda,
nilifuta maswali kumi na moja kati ya kumi na tisa.
Vitufe nikavinenepesha kama vipande vya sabuni ya mche.
Mwaka: uandike, au useme, au "sijui",
na sijui isiwe nyekundu.
Nikafika kwenye neno langu. Nikalifuta
herufi moja moja, kutoka nyuma.
Nikaandika: Samahani, hatujakuelewa.
Nje mbwa wakabweka, wakachoka.
Nikaongeza: Tuambie tena, taratibu.

Wiki mbili baadaye nimerudi na toleo jipya.
Nembo imebaki kubwa vilevile,
lakini chini yake, kwa herufi za kuonekana bila miwani:
Karibu. Pole kwa kuumwa.

Bibi Ndealilia alikuwa wa nne kwenye foleni.
Akasoma, midomo ikitembea.
"Ahsante," akaiambia simu, "nimeshapoa,
kifua tu ndicho kinanisumbua usiku,"
akaieleza yote, usiku na kikohozi na mjukuu asiyepiga simu,
kisha akanirudishia
bila kubonyeza kitu.

Nikafungua daftari.
Nikaandika: baada ya pole, isubiri.