Kurasa Mbili za Kalunde

Ulikuja Isevya saa nne, tangazo umelikunja mara nane
kama noti ya kuficha kwenye pindo.
Msaidizi Ufugaji Nyuki, nafasi kumi na mbili,
mwisho kesho saa sita usiku,
na umeme wetu unaujua.

"Niandikie," ukasema, "kwamba nawajua nyuki."

Kalunde binti Mihayo, serikali haisomi kujua.
Inasoma kitenzi na tarakimu.
Miaka tisa nachapa wasifu za watu kwenye meza hii,
wauguzi, madereva, watendaji wa vijiji,
na wote huanza hivyo hivyo: mimi ni mchapakazi, mwaminifu,
naweza kufanya kazi katika mazingira magumu.
Nani atasema yeye mvivu?
Futa.

Mizinga mingapi? Ukatazama dari, midomo ikihesabu.
Sitini na minne, mitatu iliungua mwaka ule wa moto.
Basi: nilisimamia mizinga sitini na mmoja.
Asali kiasi gani? "Ndoo."
Ndoo si kipimo, nipe kilo.
Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya wino,
ikatoka mia nane na kidogo kwa msimu.
Hicho kidogo nikakiacha nje.

Na ule usiku, baba yako kitandani na homa,
wewe na mwenge wa nyasi, ukaupanda mtundu peke yako,
nyuki wamechachamaa, jicho moja limeshafumba,
nikautafutia mahali.
Chini ya Uzoefu, mstari mmoja:
Uvunaji wa asali nyakati za usiku kwa kuzingatia usalama.
Ukasoma, ukacheka mpaka ukashika meza.
"Huyu ni nani?"
Ni wewe, kwa suti ya kuazima.

Ukataka niongeze kompyuta.
Kijana mmoja wa Cheyo niliwahi kumwandikia mahiri wa kompyuta;
kwenye usaili wakampa kompyuta,
akatafuta pa kuiwashia hadi muda ukaisha.
Sikuongeza.

Kisha jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Karunde,
cha kidato cha nne Kalunde.
Karani fulani alisikia alivyosikia
na leo sikio lake ni deni lako:
nenda kwa wakili, ukaape kwamba wewe ni wewe,
ulipe, ugongewe muhuri,
la sivyo mfumo utakutema kabla binadamu hajakuonja.

Wadhamini watatu. Shangazi, hapana.
Mkuu wa chuo, sawa. Mtendaji wa kata, sawa.
Mwenyekiti wa wafuga nyuki, sawa, ila andika na namba ya mkewe,
maana yule akipanda mtini simu huiacha chini.

Saa kumi umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.
Tulituma saa tatu usiku kwa jenereta ya kinyozi,
yeye akinyoa, sisi tukingoja mstari wa kijani ujae.
Ukanilipa nusu fedha, nusu chupa ya soda yenye asali nyeusi,
kifuniko hakikukaza vizuri.

Ndiyo maana barua ile niliichapa mara mbili.
Ya kwanza uliisaini vizuri, lakini pembeni
pakabaki dole gumba lako, la dhahabu, linanata.
Barua rasmi haiendi hivyo.

Sikuitupa. Imo kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni.
Huko walikotuma hawajajibu.
Sisimizi wao walishaisoma,
wakaita na wenzao.