Masikio ya Kambo

Mnunuzi alishuka na treni ya asubuhi,
akapiga hodi Isevya chai haijachemka.
Msechu, jina lake. Tochi mfukoni, rula ya chuma mkononi.
Picha ya baba ukutani hakuitazama.
Alitaka ngoma.

Nikaivuta chini ya kitanda, besi ile,
rangi ya samli, imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Bendi iliitwa Nyota. Herufi mbili zimebanduka,
imebaki OTA.

Akapiga magoti, akayahesabu masikio,
vile vyuma vya ubavuni vinavyopokea skrubu,
skrubu inavuta kucha, kucha inavuta pete, pete inabana ngozi,
na ngozi ndiyo inayosifiwa.
"Kumi na sita," akasema. "Kumi na moja ni mapacha.
Haya matano yametoka wapi?"

Nikamwambia.
Hili zito, la mraba, lisilojua kung'aa,
alilichonga Nshoma wa karakana ya reli
kwa shaba ya bawaba ya behewa,
mwaka ule mvua ilipokula tuta
na bendi nzima ikalala Kaliua siku mbili,
ikipigia harusi isiyowahusu.
Haya mawili usiyaone yamefanana:
moja lina tundu la inchi, mwenzake la milimita.
Skrubu ya huku ukiipeleka kule
inazunguka mara mbili, halafu inanuna
kama mkwe aliyeandaliwa kiporo.
Baba aliipaka nta ya Sikonge,
akaisemesha, ikakubali nusu.
La nne ni kipande cha kitanda cha hospitali. Usiulize.
La tano silijui.
Mama alilijua, na alicheka kila alipolipangusa.

Msechu akaandika kwenye daftari:
si halisi, si halisi, si halisi, si halisi, si halisi.

Kisha akatandaza funguo zake saba juu ya kitambaa
kama mng'oa meno.
Za tundu dogo, za tundu kubwa, bisibisi bapa moja.
Masikio kumi na matano yalimtii.
La tano la kambo likamgomea kwa zote saba.
Nikaenda kabatini, nikaleta ufunguo wa gadi,
ule wa kufungia milango ya mabehewa,
aliotembea nao baba miaka ishirini na sita, Tabora na Mpanda.
Ukaingia. Ukakaa.
Kumbe ndiyo maana hakuurudisha,
hata walipoukata kwenye kiinua mgongo chake.

Hapo nilidhani nitasema siuzi.
Maneno yalifika mpaka kwenye meno.
Lakini bati la jikoni linavuja juu ya jiko lenyewe,
na ada ya Mihayo haisubiri mtu kumaliza kukumbuka.
Nikamuuzia yale kumi na moja yanayofanana.
Akayafunga moja moja kwa gazeti, kwa upole
ambao hakuwa nao alipoingia.
Kuna ngoma Arusha, akasema, inayasubiri ikamilike.
Nikamsindikiza hadi kona. Sikumpungia.

Jioni nikayarudisha matano yangu.
Mashimo manane, masikio matano: hesabu haigawanyiki.
Huku yamesongamana, kule pengo,
pete imelala upande kama kofia ya mtu aliyetoka kilabuni.
Nyuma hamna ngozi wala sikio,
mashimo matupu tu, na upepo wa Agosti
unayapuliza bila kuombwa.

Mihayo akaipiga kwa kiganja.
Haikulia ya zamani.
Ililia chini zaidi, tena ikachechemea:
du, na nyuma yake kidogo, du,
kama gurudumu likivuka maungio ya reli.
Akanitazama.
Akapiga tena, kusikia kama ni kosa.