Kuro Kumi na Mmoja

Vishina vya vibali vimeletwa mezani kwangu
ndani ya gunia lililowahi kubeba mkaa.
Handeni, Januari, feni inazunguka ikijisikia.
Kijana wa kompyuta, Mhina, kaniambia:
"Mzee Mnkande, ingiza vyote kwenye mfumo,
Ijumaa karatasi zinachomwa."

Miaka ishirini na sita nimeandika vibali.
Nakala nyeupe ya mwindaji, ya waridi ya wilaya,
ya njano ilipanda basi kwenda Tanga,
na ikirudi, ilirudi na neno moja tu:
muhuri haujakolea.

Siku hizi kibali kinakaa kwenye simu.
Ukiangusha mnyama unapiga picha, unachagua
aina, jinsia, kitalu, unatuma.
Saa inajiandika. Mahali panajitaja.
Jana Sekibaha kapiga tohe bonde la Msangazi,
kapanda kichuguu na simu juu ya kichwa,
kashuka, kapanda cha pili;
nzi waliwahi kuliko mtandao.
Taarifa ilinifikia saa mbili usiku,
tohe ameshaliwa maini,
lakini ilifika na dakika zake zote.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikafungua gunia.

Kitabu cha mwaka tisini na nane.
Alama ya kidole gumba, damu iliyogeuka rangi ya chai,
unywele mmoja wa mnyama umebanwa na pini.
Na nyuma yake, kwa kalamu ya risasi
(Semgaya alikuwa na risasi za aina mbili, na zote alizijua):

    Karani nakuarifu, kuro nimemuangusha,
    Pembe zake zote ndefu, zilikuwa zanitisha,
    Risasi moja dhaifu, ya pili ikamchosha,
    Usiandike tarehe, kesho narudi kukesha.

Sikuandika tarehe.
Nalisema hapa kwa kuwa fomu haina kisanduku chake.
Nilipokea paja, limefungwa kwa majani ya mgomba.
Mke wangu hakuuliza. Watoto walilamba vidole.
Na kibali cha kuro mmoja kikaenda porini mara tatu,
kikikunjwa, kikikunjuliwa,
mpaka kikatoboka kwenye mkunjo
kama suruali ya shule magotini.
Siku ya nne ndipo nikakitia tarehe.

Wala hakuwa Semgaya peke yake.
Mwaka ule vitabu vinasema kuro kumi na mmoja.
Mimi na mapaja tunajua walipita thelathini.

Mhina anapenda kusema karatasi inadanganya.
Karatasi haikusema kitu, mwanangu; niliyesema ni mimi.
Tena ukiiinua dirishani utaona
jina limeandikwa kwa wino wa bluu,
tarehe kwa mweusi.
Hilo imelitunza miaka yote hii,
bila kuombwa, ikinusa mkaa.

Skrini ina rangi moja ya maandishi.
Mwaka: 1998. Aina: kuro. Idadi:

Wiki iliyopita, kule Kwamsisi,
kijana alipiga tohe akachagua kuro kwenye orodha.
Nilimpigia simu kumuuliza.
Akajibu kwa heshima, "Shikamoo mzee,
kuro mwenyewe sijawahi kumwona."

Naandika kumi na moja. Nafuta.
Naandika thelathini. Kwa ushahidi gani?
Semgaya tulishamzika,
na ubeti wake hauna namba ya kumbukumbu.
Naandika tena kumi na moja,
na mfumo, kwa adabu ambayo Tanga hawakuwahi kuwa nayo,
unaniuliza kabla ya kupokea:

Je, una uhakika?

Vitufe viwili. Ndiyo ina kijani.
Huko nje namsikia Mhina
akimuomba mlinzi kiberiti.